Tutaelewana ya fundi wa stima

Mhariri, salaam aleikum na habari za kazi.

Mimi ni msomaji wenu wa hapa Busia, upande wa Uganda, nauza mitumba, na gazeti lenu hunifikia likiwa limeshapita mikono minne mitano, kwa hivyo mkiona barua imechelewa msishangae. Nimesoma ya yule bwana aliyelalamika ati mafundi wa stima ni wezi watupu, alitajiwa bei moja mwanzo na mwisho wa kazi akajikuta amelipa mara mbili. Pole yake. Ila nikajiuliza, huyu bwana siku ya kwanza aliuliza nini? Mimi mwenyewe nakumbuka nilichouliza. Niliuliza "yote ni pesa ngapi?" na fundi akaangalia nyumba, akaangalia na viatu vyangu, akasema "mama, bei tutaelewana tu."

Sasa ngoja niwaeleze hiyo tutaelewana ilinifikisha wapi, na sitaficha upumbavu wangu mwenyewe.

Nyumba yangu ni vyumba vitatu vya kulala, sebule, jikoni, bafu, na nyuma mizigo miwili ya kupangisha. Mizigo nasema vile vyumba vya mlango mmoja, wasomaji wa Tanzania wasidhani nasafirisha magunia. Mwaka juzi nikafika hatua ya stima, kuta zimesimama, bati liko juu, plasta bado. Nikaita fundi wa kwanza. Mtu mkimya sana huyo, alikuja na daftari la shule la mwanawe, akatembea chumba kwa chumba na penseli, taa hapa, swichi hapa, soketi mbili hapa, akaniuliza kitanda kitakaa upande gani, friji litakaa wapi, nitaweka shawa ya maji moto au la. Mimi nikaona ananipotezea muda. Kesho yake akaleta ukurasa mmoja wa daftari umejaa, chini kabisa ameandika shilingi za Uganda milioni tatu, laki sita na elfu themanini na tatu. Nilicheka mbele yake, Mungu anisamehe. Nikamwambia kwani unaweka stima ikulu?

Akaja wa pili. Kijana mchangamfu, simu mbili, hana daftari. Milioni moja na laki mbili, akasema, kazi pamoja na vifaa vya kuanzia, mengine tutaelewana. Nikaona huyu ndiye mwenye ubinadamu. Yale maneno mawili, "vya kuanzia", yalipita sikio la kulia yakatokea la kushoto.

Wiki ya kwanza mambo sawa. Wiki ya pili simu ikaanza. Mama, waya imeisha. Mama, boksi za soketi zilikuwa pungufu. Mama, kuna ukuta umepigwa plasta kabla sijapitisha bomba inabidi tuchane na umtafute mwashi wa kuziba. Mama, nauli ya Tororo, hapa Busia hiyo saizi hakuna. Kila mara ni laki, elfu themanini, elfu arobaini na tano, natuma kwa mobail mani huku nikiuza nguo, sihesabu, juu pesa ikitoka kidogo kidogo haiumi. Kazi ilipoisha nikakaa usiku mmoja na ile simu nikapitia meseji moja moja na kujumlisha kwenye kikaratasi. Milioni tatu na laki nane, na elfu kadhaa juu yake.

Yaani nilimkimbia mtu wa milioni tatu na laki saba nikaenda kulipa milioni tatu na laki nane. Na huyo wa daftari angekuwa ameniambia siku ya kwanza.

Ndiyo maana namwambia yule bwana, bei iliyokuuma ni ile ya mwisho lakini ya uongo ilikuwa ile ya kwanza. Fundi anataja ndogo juu anajua akitaja ya kweli unamfukuza. Mimi nilimfukuza.

Ule ukurasa niliuokota baadaye kwenye droo, kumbe sikuutupa, na nitawaandikia kilichokuwamo, maana nadhani wengi wanaojenga hawajawahi kuona karatasi kama hiyo. Mafundi wanaofanya kazi kwa uwazi wanahesabu kwa pointi. Pointi ni kila mahali stima inapoishia, taa moja ni pointi, swichi ni pointi, soketi ni pointi. Kwangu alihesabu taa 19, swichi 17, soketi 20, shawa na bodi ya breka (zile swichi zinazojizima zenyewe stima ikizidi), jumla 58, kila pointi elfu 12, kwa hiyo leba yake ni 696,000 basi. Majirani niliowauliza mwaka huo walilipa kati ya elfu 8 na elfu 15 kwa pointi, inategemea mji na inategemea kama ukuta umeshapigwa plasta. Kampala nasikia ni zaidi, sijajenga Kampala.

Kwa hivyo leba si ndiyo inayokuua. Vifaa ndivyo vinakula pesa, na katika vifaa ni waya. Waya wa taa ni saizi 1.5, yaani unene wa milimita za mraba, alitaka rola tano kwa laki moja na nusu kila moja. Waya wa soketi ni 2.5, rola tano pia, 240,000 kila moja. Hapo tu umeshafika karibu milioni mbili na hujanunua hata balbu. Halafu kuna waya nene saizi 6 kwa ajili ya shawa peke yake, mita 30, 180,000. Mabomba ya plastiki ya kupitisha waya 60, soketi za elfu 15 na swichi za elfu 6, bodi na breka zake 180,000, na ile fimbo ya shaba ya athi, inayopeleka ardhini stima iliyovuja, elfu 35. Bei hizo ni za wakati huo na za maduka ya huku kwetu, shaba ikipanda dunia nzima na waya inapanda, kwa hivyo msije mkaenda dukani na barua yangu mkagombana na muuzaji. Ninachotaka muone ni jinsi ilivyogawanyika. Ukisikia mtu anakwambia nyumba kama hiyo kwa milioni moja na laki mbili na vifaa, jiulize waya imetoka wapi.

Na mimi nilikuja kujua ilikotoka.

Miezi minne baada ya kuhamia, mtoto wangu wa pili akatoka bafuni analia, ati bomba linauma. Nikamwambia acha uongo nenda ukaoge. Nikaenda kushika mwenyewe, mkono umelowa, nikapigwa kidogo mpaka kwenye kiwiko kama vile umejigonga kwenye mlango. Nikampigia kijana wangu mchangamfu. Akaja, akasema ni unyevu tu mama, ukuta haujakauka. Wiki ile ile breka ya jikoni ikawa inaruka kila tukiwasha shawa. Akaja tena, akasema hii breka ya ampea 20 ni dhaifu, akaweka ya 32, akanitoza elfu 15, na kweli haikuruka tena. Nikafurahi! Nikamtengenezea na chai.

Jioni moja napiga pasi sare za shule, shawa inafanya kazi, friji linaunguruma, nikasikia harufu kama ya sahani ya plastiki iliyosahauliwa juu ya sigiri. Soketi ya jikoni ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia upande mmoja, na ukiweka mkono ukutani juu yake ni moto. Nikazima meni swichi, tukalala giza, na asubuhi nikaenda kumtafuta yule wa daftari. Aibu niliyokuwa nayo njiani ni mimi na Mungu wangu.

Hakunicheka. Alifungua ile soketi na bisibisi, akavuta ncha ya waya, akaniomba wembe. Akaukwangua taratibu, juu rangi ya shaba, chini ni nyeupe kama sufuria. Akasema hii si shaba mama, ni alumini imepakwa shaba, inapitisha stima kidogo kuliko shaba ya saizi hiyo hiyo, na kwenye skrubu inalegea mapema. Kisha akafuata waya ya shawa akakuta haina njia yake, imechomekwa kwenye njia ya soketi za jikoni. Akanipigia hesabu hapo hapo kwa kidole kwenye vumbi la meza. Shawa yangu ni wati 5,500, stima yetu ni volti 240, gawanya unapata kama ampea 23, hiyo ni shawa peke yake, bado pasi, bado friji, na vyote vimepita kwenye waya mmoja wa 2.5 ambao hata si shaba. Ile breka ya 20 haikuwa dhaifu, ilikuwa inakuokoa, akasema. Ukiweka ya 32 kwenye waya kama huo, waya unaungua breka ikiwa imelala.

Elfu 15 nililipa ili nyumba yangu iruhusiwe kuungua. Na chai juu yake.

Athi je? Hakuna. Ile fimbo ya shaba ilikuwa kwenye hesabu za meseji, elfu 40, nililipa. Nje ya ukuta kulikuwa na kipande cha waya wa kijani kimeingia ardhini kama shubiri moja, ukikivuta kinatoka na udongo. Ndiyo maana bomba lilikuwa linauma. Na huku kwetu karibu na ziwa radi si ya kuhadithiwa. Najua athi ya nyumba na kizuia radi ni vitu viwili, fundi alinieleza mpaka nikaelewa, lakini mtu anayekumbuka Kiryandongo mwaka 2011, wanafunzi 18 waliokufa kwa radi shuleni Runyanya, hawezi kusikia neno athi halafu aseme hiyo tutaweka baadaye.

Kurekebisha kumenigharimu milioni moja na laki moja. Bahati yangu moja tu, mabomba ya ndani ya ukuta yalikuwa mazima, kwa hivyo alivuta waya mbovu nje na kuingiza mpya bila kubomoa. Kama yule kijana angekuwa amezika waya kwenye plasta bila bomba, kama wanavyofanya wengine kuokoa elfu nne za bomba, ningekuwa nachana kuta zote na kupaka rangi upya. Mara hii ya pili nilienda dukani kununua waya mwenyewe, pamoja na fundi. Tulikwangua ncha kabla ya kulipa, muuzaji akanuna, anune. Tukaangalia alama ya UNBS, shirika la viwango la Uganda. Na rola tukazipima, ndiyo, tulizikunjua pale nyuma ya duka, maana imeandikwa mita 90 na jirani yangu aliwahi kukuta sabini na kitu. Fundi mzuri hakasiriki ukienda naye dukani. Anayekasirika ana chake kule.

Kuna jambo lingine ambalo yule bwana hakuligusa na mimi naliona ni kubwa, karatasi ya kukamilisha kazi. Ili uunganishwe, mtu mwenye kibali cha ERA, mamlaka inayosimamia stima Uganda, lazima aithibitishe kazi na kutia sahihi, halafu anakuja mkaguzi. Vibali hivyo vina madaraja, si kila mwenye koleo anaruhusiwa. Kwangu karatasi ilikuja imejazwa vizuri kabisa, muhuri, sahihi, nambari ya kibali, ya mtu ambaye sijawahi kumuona na ambaye hajawahi kukanyaga kiwanja changu. Kijana wangu aliukodi ule muhuri. Laki moja na nusu, nimeikuta kwenye meseji, ameandika "pepa". Nyinyi mnaojenga sasa, mwambieni fundi awaonyeshe kibali chake mwenyewe siku ya kwanza, na kama kibali ni cha bosi wake basi huyo bosi aje aone nyumba. Na wale wa hapa mpakani wanaoita mafundi kutoka ng'ambo juu wanataja bei kwa shilingi za Kenya inaonekana ndogo, mjue kibali cha EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, huku hakisaini chochote. Kazi yao inaweza kuwa nzuri sana tu, lakini mtakuja kununua muhuri kama mimi.

Watu pia wanachanganya kuunganishwa na kuwekewa stima ndani. Serikali ilipoanza ile sera yake ya 2018 ya kuunganisha watu bure, jirani zangu wakadhani stima yote ni bure, wakakaa kusubiri. Bure ilikuwa ya kutoka nguzoni mpaka kwenye mita. Waya za ndani ni zako toka siku ya kwanza. Na hiyo bure yenyewe ikakwama kwa pesa, watu wakakaa na fomu zao. Tangu 1 Aprili 2025 UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza stima, ndio wanaoshika mtandao baada ya miaka 20 ya kampuni binafsi iliyoitwa Umeme, kwa hivyo nendeni mkaulize ofisini kwao wenyewe ada za sasa ni ngapi, msimuulize fundi. Na ulizeni kwanza kama nyumba inafika kwenye nguzo iliyopo. Ukihitaji nguzo mpya hesabu inakuwa nyingine kabisa, na hiyo ni heri uijue kabla ya kununua kiwanja.

Wenye mizigo nao niwaambie kitu kidogo. Mimi nilianza na mita moja kwa nyumba nzima na wapangaji, tunachangia Yaka, ile stima ya kulipia kabla. Usijaribu. Wakati huo yuniti 15 za kwanza za mwezi zilikuwa shilingi 250 kila moja, ukishazipita ulikuwa unaingia zaidi ya 700, sasa tukiwa nyumba tatu kwenye mita moja zile za bei rahisi zinaisha kabla ya tarehe tano, halafu kila mtu anasema ni pasi ya mwenzake. Mpangaji mmoja alihama kwa sababu ya birika la stima la jirani yake. Niliposhtuka nikaomba mita za peke yao, ndipo fundi akaniambia ningesema tangu mwanzo angeacha njia, sasa ni kuchana tena. Ile siku ya daftari aliniuliza. Nilikuwa nacheka.

Mhariri, ninalowaomba ni hili. Nyinyi mnachapisha bei ya mahindi, ya maharage, mpaka ya dola. Tafuteni mafundi watatu wenye vibali, wa Kampala, wa Mbale na wa huku, muwaulize pointi moja wanatoza ngapi na rola ya 2.5 ya shaba ya kweli ni ngapi, mchapishe hata mara moja kwa miezi mitatu. Kona ndogo tu, pale mnapoweka picha za harusi. Yule bwana angekuwa na kona hiyo mkononi asingeuliza "yote ni ngapi", na fundi asingeangalia viatu vyake.

Kuhusu wezi, sitawatetea wote, huyo wangu sijui nimuite nani. Simu zake zote mbili hazipatikani. Lakini mtu wa daftari naye ni fundi wa stima, mji huu huu, na nilimtoa mbio kwa sababu alisema kweli. Nilipomlipa mara ya pili nilimpa kwa mafungu, theluthi vifaa vilipofika, theluthi waya zilipopita, na iliyobaki nikaishika mpaka akapima kila soketi kwa kile kifaa chake nami nimesimama, akaniwashia shawa, pasi na friji kwa pamoja tukakaa nusu saa mkono ukutani. Ukuta ulikuwa baridi. Hakulalamika kusubiri pesa yake, alisema kila mteja angefanya hivyo angelala mapema.

Ile soketi ya kahawia ninayo, iko kabatini na risiti za gesi, nikipata mgeni anayejenga namtolea.

Juzi nimetaka taa moja ya nje, pale getini, wezi wa kuku wamezidi. Yule wa daftari yuko Tororo kwa kazi kubwa, nikamwita kijana mwingine wa mtaani. Nikamuuliza taa moja na swichi yake, waya mita kumi hivi, ngapi? Akaangalia geti, akatabasamu. "Mama, tutaelewana tu."

Nimemwambia arudi na kalamu.

Mama mwenye nyumba,
Busia, Uganda